Vidole Vinne Kati ya Magoti

Wewe unayesoma hii ukiwa kwenye benchi la kliniki ya mifupa, miguu imepinda kama upinde, na umeshaambiwa utavunjwa ili unyooke: nisikilize mimi kabla hujamsikiliza mtu mwingine. Jirani yako wa benchi atakupa habari za binamu yake aliyekatwa mguu. Mwache. Anayekuambia haiumi, huyo mwombe mguu wake tuujaribu kwa nyundo.

Naitwa Fabiola, niko kidato cha tatu, na nimevunjwa mara mbili kwa ruhusa ya baba yangu mzazi, kwa sahihi yake. Mguu wa kushoto wakati wa palizi, wa kulia baada ya mavuno. Kabla ya hapo shuleni waliniita Mabano, kwa sababu nikisimama miguu pamoja, katikati unaweza kuandika maelezo ya ziada. Jina hilo nililitunga mwenyewe. Nilijua jina baya linakuja tu, nikaona bora nichague. Ukijicheka wa kwanza, wengine wanabaki na makombo.

Kwetu ni tambarare yenye ziwa la chumvi chini ya mlima Hanang, saa mbili kutoka Katesh kwa mguu mzima. Kwa mguu wangu wa zamani, ongeza moja. Baba anafuga. Mama ni wa Tlawi, kule juu Mbulu kwenye mashamba ya mteremko na chemchemi baridi, ambako watu wana meno meupe kama yametoka dukani leo. Sisi wa chini meno yetu ni rangi ya chai. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Tulidhani Mungu alipofika kwetu chokaa ilikuwa imemwishia.

Bibi mzaa baba tunakaa naye boma moja. Yeye alikuwa na jibu la miguu yangu tangu sijaanza kuongea. "Ni mama yake. Alimbeba mgongoni kabla hajakomaa. Watu wa milimani hawajui kulea." Alisema hivyo kwenye ubatizo, akasema kwenye misiba, akasema mbele ya wageni huku mama akiwagawia chai. Miaka kumi na tano mama anapakua chakula huku anasemwa. Hajibu. Nilimkasirikia bibi kwa kusema, nikamkasirikia mama kwa kunyamaza, halafu nikaikasirikia miguu yenyewe, ambayo haina hata masikio ya kutukanwa.

Shule yetu haina kiunzi cha mifupa cha kufundishia. Ina bango moja la karatasi, na panya wamelila kuanzia nyonga kwenda chini. Siku ya somo la mifupa na viungo mwalimu wa Baiolojia alianza vizuri: fuvu, mbavu, uti wa mgongo. Akasema shingo ina pingili saba, ndizo zinakuwezesha kugeuka. Akashuka na rula yake mpaka akafika panya walipoanzia. Akalitazama darasa.

"Fabiola, njoo mbele."

Nikaenda. Akanionyesha kwa rula. "Mfupa wa paja, mrefu kuliko yote mwilini. Pia ya goti. Mfupa wa muundi. Goti ni kiungo cha bawaba, linakwenda mbele na nyuma tu, kama mlango."

Sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, fundi wa huo mlango alikuwa amelewa!"

"Alikuwa baba yako," nikajibu.

Darasa likalala kwa kicheko. Nilishinda. Halafu nikaenda chooni, nikakaa huko kipindi kizima cha Jiografia.

Jambo moja nililitoa kwenye somo lile nikalitumia vibaya. Bibi hageuzi shingo. Ukimwita anageuka mzima, mabega na kiuno, kama mkokoteni wa ng'ombe unapokata kona. Nilikuwa namwigiza saa ya mapumziko: "Nani ananiitaaa?" halafu nageuka kama ubao. Wenzangu walianguka chini. Pingili saba, nikawaambia, na zote zimegoma.

Kliniki tulikwenda watatu, mimi, mama na bibi. Bibi alikuja ili daktari asidanganywe. Tulifika asubuhi na mapema tukakuta benchi limejaa, tukakaa mpaka makalio yakafa ganzi. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo bango halikuwa nalo. Mkabala nami kulikuwa na mtoto ambaye magoti yake yalisalimiana kwa ndani. Pembeni yake dada mmoja aliyepinda kwa nje kama mimi. Akacheka na mama yake, nikaona meno: chai. Mama yake: chai. Nikauliza wanatoka wapi. Tambarare ileile, kijiji cha tatu kutoka kwetu. Benchi zima nikauliza, maana mimi nina kiherehere. Wenye miguu ya mabano karibu wote walikuwa majirani wa ziwa letu la chumvi.

Daktari hakuanza na miguu. "Fungua mdomo."

"Daktari, miguu iko upande wa chini."

Hakucheka. Ukikutana naye usijisumbue, huyu mtu hachekeshwi. Akatazama meno, akamgeukia bibi kwa kuwa ndiye mkubwa. "Mama, mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima cha bondeni. Yana chumvichumvi kidogo, ng'ombe wanayapenda."

"Na makande mnapikia nini?"

Bibi akakaa sawa. Nilimwona akifurahi, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanaye aliyefaulu. "Magadi. Yangu mwenyewe. Kiangazi naenda ziwani nachimba yale meupe ya juu. Wengine wananunua sokoni yamechanganywa na udongo. Makande yangu yanaiva jua halijapanda."

Daktari akaandika. "Ndiyo hayo, mama."

"Ndiyo hayo nini?"

"Maji ya hicho kisima na hayo magadi. Ndiyo yanayochafua meno, yanapinda mifupa ya watoto na kuikaza ya wakubwa."

Alieleza kwa nini. Nilishika nusu, na hiyo nusu sikupi, muulize wa kwako. Bibi akasubiri amalize. "Si kubebwa mgongoni?"

"Kubebwa mgongoni hakupindi mfupa, mama. Ningepinda na mimi."

Mama hakumwangalia mtu yeyote. Alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena.

Halafu daktari akauliza kama nyumbani kuna mtoto mwingine. Yupo, Magda, mdogo wangu, miaka mitatu. Akamfundisha mama kipimo: mlaze mtoto, visigino viguse, weka vidole kati ya magoti, hesabu. "Huyo mifupa yake bado inasikia. Mkimtoa kwenye hayo maji na magadi sasa, inaweza kujinyoosha yenyewe. Mkikawia, mtamleta hapa kama huyu."

Huyu ndiye mimi. Nilikuwa nimekaa palepale.

Tulipofika nyumbani mama alimlaza Magda juu ya ngozi ya ng'ombe. Magda alidhani anatekenywa, akacheka. Vidole vitatu.

Mama alitaka mtoto apelekwe Tlawi kwa wazazi wake, akanywe maji ya chemchemi mpaka mifupa ikomae. Bibi alisema mtoto wa boma hili anakunywa maji ya boma hili. Baba alisema tutaona. "Tutaona" ya baba ni kama benchi la kliniki, unakaa tu. Na kesho yake bibi alitia magadi kwenye chungu, bonge kubwa kuliko la siku zote, akilisagia mbele ya mama. "Daktari mwenyewe mtoto," akasema. "Hata ndevu hana."

Wakati wa palizi nikaitwa hospitali. Watakuchoma sindano ya mgongo, chini kwenye pingili za kiuno, miguu inakufa lakini wewe hulali usingizi. Wanaweka pazia la kijani ili usione. Masikio hawayawekei pazia. Nikasikia patasi. Nikasikia nyundo, nyundo kabisa, ile unayoijua. Kitanda kilitikisika na meno yangu yakagongana.

Nesi aliyekaa kichwani kwangu akauliza, "Unasikia maumivu?"

"Nasikia useremala."

"Nyamaza."

"Waambie wakimaliza wanitengenezee na stuli."

Akanifuta machozi kwa shashi. Sikujua kama nilikuwa nalia. Huyo nesi nitamkumbuka.

Ukitoka unakuta umevikwa hogo, lile plasta jeupe gumu, kutoka pajani mpaka vidoleni. Likikauka unakuwa na mguu wa sanamu. Maumivu yanakuja sindano ikiisha, nayo yana adabu mbaya, hayabishi hodi. Nilimtukana daktari, nikamtukana mwalimu na rula yake, nikayatukana mahindi na maharage kwa majina. Baada ya siku chache maumivu yakapungua ukaja muwasho, na muwasho ni mbaya zaidi kwa sababu hauna heshima ya kukupa hata homa. Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa Yaeda Chini aliyeangushwa na punda akavunjika paja. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa na mzigo wa mawe uvute mfupa urudi. Yeye ndiye aliyenipa spoku ya baiskeli aliyoificha chini ya godoro, unaipitisha taratibu ndani ya hogo unajikuna. Manesi wanakataza. Nami nakukataza. Lakini iulizie.

Siku moja bibi akaingia wodini na hotipoti. Alifungua kifuniko nikaona makande ya njanonjano, nikajua. Amesafiri na magadi mpaka hospitali.

Sikumwamkia. Kwetu unaweza kuiba kuku ukasamehewa, lakini bibi kuingia na mjukuu asitoe shikamoo, wodi nzima iligeuka kututazama.

"Kula," akasema.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, sindano?"

"Bibi, hiki chakula ndicho kilichonilaza hapa."

Akaweka hotipoti juu ya kabati, akageuka mzima, akatoka. Mama wa Yaeda Chini akanyoosha mkono. "Lete hayo makande. Mifupa yangu imeshakomaa na imeshavunjika, yatanifanya nini?" Akala yote. Akasifu. Alipomaliza akaufuta mdomo na kuniangalia. "Wewe unatukana vizuri. Mama yako wiki hii amekuwa anafua shuka zako bombani huku analia. Umeshamwambia kwamba si yeye?"

"Daktari alishasema."

"Nimekuuliza wewe."

Mama alipokuja na uji jioni nilitafuta utani nikaukosa. "Mama, haukuwa mgongo wako."

"Najua," akasema. Akakoroga uji ambao ulishakorogwa. "Kunywa, unapoa."

Hogo la kwanza lilitolewa kabla ya mavuno. Jiandae, mguu utakaotoka humo si wako. Wangu ulitoka mwembamba, na magamba, na nywele kama za fisi mgonjwa, unanuka kama soksi ya mwaka jana. Lakini ulikuwa umenyooka. Nilisimama nao nikawa na mguu mmoja wa mtu na mmoja wa mabano, natembea kama meza mbovu. Halafu mahindi yakaingia ghalani, baridi ya Juni ikaja, nikarudi wakavunja wa pili. Safari hiyo sikutania. Nilikuwa nimeshajua wimbo wote.

Niliporudi na hogo la pili, mama alikuwa amempima Magda. Vidole vinne.

Alimwonyesha baba kwa kumwekea mkono usoni, vidole vinne vimebanana. Baba akamwita kaka yake, Baba Mkubwa, wazungumze kama wazee. Walikaa uwanjani kwenye vumbi la Agosti, nami nimewekwa kwenye stuli, mguu mbele kama gogo. Watoto hawaongei kwenye kikao. Nililijua hilo.

Baba Mkubwa aliuliza kila mtu kwa zamu. Bibi akasema kilekile, mgongo, milima, ulezi. Akamaliza hivi: "Mimi magadi nimekula tangu sijaota meno. Yamenifanya nini? Nitazameni. Kuna palipopinda?"

Na kweli miguu yake imenyooka. Niliona Baba Mkubwa anatikisa kichwa kukubali. Niliona baba anatazama chini, nikajua "tutaona" inakuja, na Magda alikuwa pale anamfukuza kuku, anayumba kulia, anayumba kushoto, mwendo wangu kabisa, nilioucheza miaka yote watu wakacheka.

"Bibi," nikasema, "geuza shingo unitazame."

"Nani amekuruhusu?"

"Usigeuze mabega. Shingo tu."

Alikuwa amekaa ubavu kwangu. Alijaribu. Sijui kwa nini alijaribu, angeweza kunitukana tu. Mishipa ilimsimama, kidevu kikatetemeka, macho yakaja mpaka kwenye kona, lakini kichwa kilikaa palepale kama kimepigiliwa. Baba aliona. Baba Mkubwa aliona. Mbele ya mkwewe, mbele ya wanawe, nilimvua nguo bibi yangu. Shuleni huo mchezo ulikuwa unachekesha. Pale hakucheka hata kuku.

"Tangu lini, mama?" baba akauliza.

"Uzee," bibi akasema kwa sauti ndogo. Kisha, "Kabla hujaoa."

Baba akasimama. "Magda aende Tlawi." Halafu akanielekea mimi. Sijawahi kumwona vile. "Na wewe utampigia bibi yako magoti umwombe radhi."

"Baba, goti halikunji." Nikagonga hogo. Ko, ko.

Bibi akajibu bila kuniangalia, na safari hii sote tulijua kwa nini haniangalii. "Likikunja atakuja."

Magda aliondoka wiki ile na mama, analilia ndama; mama alirudi peke yake. Tangu siku hiyo bibi hakuitikia shikamoo yangu. Nilimwamkia kila asubuhi. Mwanzoni kwa adabu, baadaye kwa ukorofi, kwa sauti, ili majirani wasikie nani hajibu.

Sasa sikia habari za goti, maana hapa ndipo wengi wanakata tamaa. Hogo likitoka, bawaba imeshika kutu. Utaambiwa ukunje, nalo linakataa kama punda kwenye daraja. Unakunja kidogo, unapiga kelele, unapumzika, unakunja. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikafunga jiwe kwenye kifundo cha mguu, kila siku, mvua za kwanza zikanyesha, watu wakapanda, nami nahesabu. Usikubali mtu akukunjie kwa nguvu, hata kama ni mjomba mwenye nia njema. Usijilinganishe na wa kitanda cha jirani. Kula vizuri. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kutukana, tukana mfupa, usimtukane nesi. Na kama kwenu kuna mdogo anayeanza kuyumba, mpime leo, usisubiri kikao.

Goti langu lilikunja lote mwezi wa kwanza. Mimi nilikuwa sijakunja. Nilisema lina maumivu bado. Februari nikasema baridi. Baridi gani Februari?

Likizo ya katikati ya mwaka nilipanda basi kwenda Tlawi. Magda alikuja mbio kutoka shambani, akasimama ghafla, akaitazama miguu yangu, akazunguka nyuma akaitazama tena.

"Ile ingine iko wapi?"

"Nimeiacha hospitali."

"Utairudia?"

"Nani anaitaka?"

Nilimlaza kwenye nyasi kabla sijanywa hata maji. Visigino pamoja. Nikaweka vidole, nikatoa, nikaweka tena, maana mimi sijiamini.

Niliporudi tambarare bibi alikuwa jikoni. Siku hizi vyungu ni viwili, cha nyumba nzima kinapikiwa maji ya mvua bila magadi na kinachelewa kuiva, halafu kile kidogo cha kwake, ambacho hataki mtu akiguse. Alikuwa anakoroga hicho kidogo. Nilisimama mlangoni nikasema shikamoo. Mwiko uliendelea kuzunguka. Basi nikaingia, nikapiga magoti kwenye majivu, la kushoto, kisha la kulia. Yote mawili yalilia kwa ndani.

"Bibi, nisamehe kwa siku ile."

Alikoroga. Alionja kwenye kiganja, akaongeza chumvi, akafunika. Magoti yakaanza kuwaka. Nikafikiri, atanikalisha hapa mpaka mavuno, naye ana haki.

Akageuka. Mabega, kiuno, miguu, taratibu, mpaka akanikabili.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Vilikuwa vinne."

"Ndiyo, bibi."

Alisimama na mwiko mkononi, midomo ikitembea kama anayehesabu kitu kirefu zaidi ya vidole.

"Inuka," akasema. "Unachafua sketi."